Dari ya Kitambaa

Tangu alfajiri Rubab hakuketi. Mvua ya masika ilikuwa imepenya mabati, na dari ya kitambaa cha marekani ilikuwa imejaa maji, ikaning'inia kama kiwele juu ya kitanda cha mama mkwe wake mgonjwa. Mume wa Rubab alikuwa amesafiri kwenda Kisaki kwa biashara.

"Mama, nakuomba tuhame chumba hiki."

"Kitambaa hicho nilikishona mwenyewe, kabla Wajerumani hawajaleta reli. Hakiwezi kuniangukia."

Rubab alitoka barazani, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akamwita Anastasia, muuza mboga kutoka milimani, aliyekuwa akijikinga mvua pale.

Anastasia alitazama juu mara moja tu. "Tumwondoe kwanza, dada. Kisha utoboe katikati, maji yatoke."

Wakambeba bibi na godoro lake, naye akilalamika njia nzima. Rubab akarudi na sindano ya magunia, akapanda kitini. Kabla hajachoma, dari ikapasuka. Maji na matope vikashuka kwa kishindo, chaga za kitanda zikavunjika.

Kule chumba cha pili bibi akaita, "Rubab, umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi njoo uketi nami."

Rubab alikwenda, lakini kuketi hakuweza. Alisimama mlangoni, nguo zikimchuruzika, akiikagua dari ya chumba hicho pia.