Rafiki kwa Kituruki

Mtunga kamusi alikuwa amefika kwenye neno rafiki. Kiarabu alishakimaliza: asili yake upole, na rafiki ni mwenzako wa njiani. Kiurdu nacho kilimpa rafiki wa maisha, yaani mwenzi wa ndoa. Kikabaki Kituruki. Akakumbuka kwamba kwenye jengo alikofanya kazi mumewe, fundi wa marumaru, msimamizi alikuwa Mturuki.

Alimkuta kibandani, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Mumewe alikuwa ametumwa dukani. Hakujitambulisha zaidi ya kusema yeye ni mtu wa kamusi, akamuuliza kuhusu neno rafiki.

"Refika!" Msimamizi alifurahi. "Neno la wazee wetu. Maana yake mke. Limenichekesha hapahapa! Fundi wangu wa marumaru alimleta mama mmoja, akasema, 'Huyu rafiki yangu.' Mimi nikampa mkono: hongera kwa ndoa!"

"Akakujibuje?"

"Nilipomweleza, akacheka. Akasema, 'Basi na iwe hivyo.' Sasa refika anakuja kila Ijumaa. Wameshachagua marumaru za chumba chao, rangi ya maziwa."

Mama wa kamusi akaacha kuandika. "Huyo refika yukoje?"

"Ana mwanya hapa mbele. Akicheka, hata winchi inasimama."

Mwanya ule aliujua. Ulikuwa wa shoga yake tangu shuleni, aliyemshika mkono siku ya kujifungua, ambaye bintiye humwita mama mdogo.

Akaenda moja kwa moja kwake. Alimkuta uani anaanua nguo.

"Marumaru za rangi ya maziwa," alisema, "hazitaonyesha uchafu?"

Shoga akayakumbatia mashuka. "Nisikilize, mwenzangu. Mimi na shemeji..."

"Usimwite shemeji! Mume nitamlilia, yataisha. Lakini wewe nilikuwa nakuletea machozi, unanipangusa, na huku unajua katoka kwako!"

Jirani aliyekuwa dirishani akaguna: "Shemeji, shemeji, na huku wazima taa."

Jioni mume alikuta begi lake barazani. Aligonga, akabembeleza, akamsingizia shetani. Mlango haukufunguka, akaenda zake.

Ndani, binti aliuliza, "Kesho mama mdogo atakuja kunisuka?"

Mama alivuta kigoda, akamkalisha katikati ya magoti, akaanza kumfumua. "Nitakusuka mimi."

"Lakini wewe unavuta."

"Najua, mwanangu. Vumilia."