Mashine ya Kunyonya Kidonda

Tangu mashine iingie ndani, wageni waliisalimia yenyewe kwanza, kisha ndipo wakamkumbuka mwenye kidonda.

Mama alikuwa hawezi kujigeuza tangu avunjike nyonga, na kidonda cha kulalia kilikuwa kimemchimba juu ya makalio. Binti yake na mkaza mwana wake walimgeuza kwa zamu, huku wakinung'unika, naye akiwaombea heri. Ndipo kifunguamimba wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwenyekiti kwa kupenda vikao, akaleta mashine: kisanduku, mrija, na sponji iliyozibwa juu ya kidonda kwa plastiki, ikinyonya majimaji kutwa kucha.

"Zamu zimefutwa," Mwenyekiti akatangaza. "Mkimgeuzageuza, mrija utachomoka."

Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kwa vidonda vya kulalia, ushahidi wa mashine hiyo ni haba. Tafiti ni chache, tena ndogo. Huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Lisilo na ubishi ni kumgeuza mgonjwa.

"Ushahidi gani tena, daktari?" Mwenyekiti alicheka. "Si uisikilize inavyonguruma!"

Mama aliisikiliza, angefanyaje? Mjomba alikuja akaipapasa. Jirani akauliza kama inazibua na sinki. Wote waliondoka wakisema mgonjwa ana bahati, na bahati hiyo ikazidi kumwakia moto kwenye nyonga nzima, ile isiyovunjika, aliyoilalia.

"Mwanangu, nigeuze."

"Vumilia, mama. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zimeshaoza, baba. Nimezilalia."

Binti alitaka kusogea, Mwenyekiti akamkata jicho. Mama alimtazama mwanawe. Yeye ndiye aliyemgeuza huyu utotoni mpaka akajua kujigeuza mwenyewe, leo anaogopa mrija!

Daktari aliporudi, alibandua plastiki. Kidonda kilikuwa kilekile, labda kisafi kidogo. Kisha akamgeuza Mama. Kwenye ile nyonga nzima palikuwa na kidonda kipya, upana wa kiganja.

Mama alifumba macho kwa raha ya kugeuzwa tu. Haya, aliwaza, ushahidi si huo? Hata kipofu angeupapasa.

Mwenyekiti alikikodolea macho kidonda kipya, akaitazama mashine, kisha akamgeukia daktari.

"Sasa hapo," akauliza, "tuugawe mrija, au nilete mashine ya pili?"