Mpangaji wa Chini ya Meza

"Nani kamfanyia hivi?" daktari aliuliza bila kuinua uso.

Mbwa alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya bati, masikio ameyalaza nyuma, na daktari alikuwa akikata manyoya yaliyogandamana na usaha, taratibu, kwa mkasi mdogo. Kila shungi lililoanguka lilizidi kukifunua kidonda. Kilikuwa kipana upande mmoja, kisha kikachongoka mbele. Mtu yeyote aliyewahi kushika pasi ya mkaa angekitambua.

"Sijui, daktari," mwanamke aliyemleta akajibu. "Nimemwokota tu. Alikuwa njiani, karibu na soko."

"Hii ni pasi. Tena haikumgusa ikapita. Ilikaa. Mtu aliiacha ikakaa." Daktari akatupa shungi la manyoya kwenye ndoo. "Kuna watu hawana hata chembe ya utu."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa ndani ya mtandio, nayo ilibaki humo, maana vidole vilijaa makovu madogo meupe, kila moja na cheche yake.

"Wewe Mungu akubariki, mama. Wangapi wamempita huko njiani?"

Hilo ndilo lililomwingia kuliko yote. Matusi angeyabeba. Baraka hakujua aiweke wapi.

Mtaani kwao walimwita Mama Pasi. Alipiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja cha kupanga kilichotazama barabara, mlango wazi tangu asubuhi ili joto litoke: mashati ya maofisini, mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wauguzi. Alijua kuupima moto wa pasi kwa kuisogeza karibu na shavu, na alijua kulikunja shati hata kiraka kikalala ndani, mwenyewe akipokea akadhani amenunua jipya. Mbwa alijileta msimu mmoja wa mvua nyingi. Aliingia chini ya meza, akajikunja, akakataa kutoka. Mama Pasi akamwita Mpangaji, kwa sababu ndiye pekee katika nyumba ile ambaye mwenye nyumba hakuwahi kumgongea mlango.

"Mpangaji hajambo?" wateja waliuliza wakichungulia.

"Hajambo. Kodi ndiyo bado."

Nao wakacheka, na Mpangaji akapiga mkia sakafuni kama aliyeambiwa jambo la heshima.

Baada ya ile ajali ya pasi alikaa naye ndani, akimpaka mafuta ya kupikia, akimwombea kwa sauti ya chini. Kidonda kilipoanza kunuka, jirani yake muuza mkaa akaja kusimama mlangoni na pua ameziba.

"Mpeleke kule kituo cha wanyama. Utamwacha aoze akiwa hai?"

"Kule wanatoza."

"Wanatoza wenye mbwa. Wa kuokotwa wanatibiwa bure, ndiyo kazi yao. Sema umemwokota. Neno moja tu hilo, litakuchoma ulimi?"

Halikumchoma. Lilitoka laini, na hapo ndipo alipoanza kujiogopa.

Mbwa akalazwa. Kituoni wakampa jina jipya, Shujaa, wakaliandika kwa chaki juu ya mlango wa kizimba. Mama Pasi akawa anapita kila alipomaliza kupeleka nguo za wateja, kapu tupu mkononi. Dada wa mapokezi, msichana mwenye miwani na sauti ya kuamrisha, alimpenda mara moja.

"Mama wa huruma huyo kaja! Mpeni kiti."

Akakalia kile kiti kama aliyekalia cha kuiba. Kule ndani mbwa alikuwa ameshaisikia sauti yake, na mkia ulikuwa ukigonga vyuma vya kizimba, ko, ko, ko.

"Shujaa," alimwita mbele ya watu, na jina lilimkaa mdomoni kama jino la bandia. Mbwa aliingiza pua kati ya vyuma, akamlamba vidole palepale penye makovu.

"Mtu atadhani mnajuana miaka," dada akasema.

"Wanyama wako hivyo," akajibu Mama Pasi.

Siku moja akiwa ameketi hapo, aliingia fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi, amebeba boksi la kadibodi. Ndani mlikuwa na paka dume wa kijivu aliyekuwa akilia bila kufungua mdomo vizuri.

"Hakojoi," fundi alisema. "Anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu."

"Ni wako?" dada akauliza.

"Wangu. Nimemlea tangu anaenea kiganjani."

Dada akamtajia gharama. Fundi hakubisha. Alitazama ndani ya boksi, akafunga vifuniko vyake kimoja juu ya kingine kwa uangalifu, kama mtu anayefunga zawadi. "Basi ngoja nikajaribu-jaribu," akasema, akatoka. Mama Pasi alimtazama mpaka mgongo wake ulipopotea getini. Yule mtu aliulizwa swali lilelile aliloulizwa yeye, akajibu kweli, na kweli ile ikamrudisha nyumbani na paka wake ndani ya boksi.

Daktari alitoka ndani akifuta mikono. "Huyo alikuwa na nini?"

"Paka aliyezibika mkojo. Hana hela."

"Na umemwacha aende?"

"Daktari, mimi ndiye ninayewatajia bei. Nyie mko ndani na mikasi yenu." Dada akafunga daftari lake la mapokezi. "Wafadhili wanatoa kwa ajili ya wanyama wasio na wenyewe. Asiye na uwezo wa kutibu mnyama asifuge."

"Kwa hiyo maskini abaki peke yake? Hata paka asiwe naye?"

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Kamati ya kituo ikikutana nitaomba tutenge fungu kwa watu kama yule."

"Na mimi nitawaonyesha hii." Dada akageuza simu yake. Kwenye kioo ulikuwa mgongo uliokatwa manyoya, na kile kidonda chenye ncha. "Niwaulize, hawa ndio mnaotaka tuwasaidie? Mtu anambandika mnyama wake pasi ya moto, halafu sisi tulipe? Mama, hebu sema wewe uliyemwokota. Nakosea?"

Wote wawili wakamtazama.

"Mimi sijui mambo ya kamati," Mama Pasi akasema. Akaokota kapu lake, na kwa mara ya kwanza akaondoka bila kwenda kizimbani kuaga.

Siku zile hakufanya kazi ya maana. Aliunguza kola ya shati la muuguzi, yeye ambaye hakuwa ameunguza nguo tangu ujana wake. Chini ya meza palikuwa peupe. Mguu wake, uliozoea kusogea taratibu usije ukamkanyaga mtu, uliendelea kusogea taratibu.

Aliporudi kituoni alimkuta dada anameremeta.

"Nimekutafutia habari njema, mama! Shujaa amepata familia. Mwalimu mstaafu na mkewe, nyumba ina ua mkubwa. Jumamosi wanakuja kumchukua."

"Kumchukua?"

"Sasa tungemweka hapa mpaka azeeke? Hana mwenyewe."

Mama Pasi alisimama katikati ya chumba. Watu wengine walikuwa wameketi kwenye benchi: mama mmoja na sungura, kijana na kuku aliyevunjika bawa. Alijua angeweza kuondoka. Mbwa angepata ua, na nyama pengine, na yeye angebaki mama wa huruma maisha yake yote. Miguu yake ilikuwa imeshageukia mlango alipojisikia anaita, kwa sauti kubwa ya mtaani kwao:

"Mpangaji!"

Kule ndani kizimba kilitikisika. Mbwa alibweka, akalia, akabweka tena, akakwaruza vyuma kana kwamba nyumba inaungua. Daktari akatokea mlangoni.

"Ni wangu," Mama Pasi akasema. "Hiyo pasi ni yangu."

Kuku wa yule kijana alitoa sauti ndogo kooni, akanyamaza.

"Twende ndani," daktari akasema.

"Hapana. Nilidanganya hapahapa, nisemee hapahapa." Lakini aliyasema akitazama sakafu. "Nilikuwa napiga pasi suti ya bwana mmoja wa benki, ya harusi ya mwanawe. Kiwiko kikaipiga pasi. Ikaanguka chini, kifuniko kikafunguka, makaa mengine yakarukia suti, na pasi yenyewe ikamwangukia yeye. Alikuwa amelala kati ya ukuta na kapu la nguo. Alibanwa, hakuwa na pa kutokea."

"Basi ilikuwa ajali," daktari akasema.

"Ulisema ilikaa." Akainua uso. "Ulisema kweli, daktari. Ilikaa. Mimi nilianza na suti. Nilikung'uta makaa kwanza, nikaipapasa nione kama imetoboka, nikaitundika msumarini. Yeye analia huku chini, namsikia. Nikamwambia ngoja. Nilimwambia hivyo, ngoja kidogo. Ndipo nikainama."

Dada wa mapokezi alikuwa amevua miwani, ameishika tu mkononi.

"Na suti?" akauliza, kisha akaonekana kujuta kuuliza.

"Haikupata kitu."

Daktari aliingia ndani, akarudi na mbwa kwenye kamba. Ilibidi aishike kwa mikono miwili, kwa jinsi mbwa alivyokuwa akivuta. Akamwekea Mama Pasi beseni la maji, sabuni, pamba na bandeji. "Kusema kweli sijui kama nikurudishie," akasema. "Nionyeshe utakavyomfunga."

Mama Pasi akapiga magoti. Akanawa mpaka viwiko. Alifungua bandeji ya zamani na pale iliposhika hakuvuta, aliilowesha akasubiri iachie yenyewe. Nyama mpya ilikuwa ya waridi, nyororo mno. Mbwa alitetemeka mwili mzima mkono wake ulipokaribia mgongo, akageuza kichwa kuutazama ule mkono. Alipomtambua, hakuacha kutetemeka, ila hakuondoka. Mama Pasi alipaka dawa, akazungusha bandeji, akaipitisha chini ya kifua, akakunja ncha ndani ikalala kimya.

"Ataletwa kila siku ya pili," daktari akasema hatimaye. "Mwalimu nitampigia mimi. Na siku ya kamati utakuja uyaseme haya."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Picha yake dada ameshawatumia wote. Wewe hawajakuona."

Mama Pasi akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni tangu siku ile: "Yule fundi wa paka, alirudi?"

Daktari akamwangalia dada, na dada akavaa miwani yake, akaichukua kalamu iliyokuwa mezani.

"Hakurudi," dada akasema.

Mama Pasi na Mpangaji walirudi kwa miguu, polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Watu waliigeukia ile bandeji nyeupe. Mbele kidogo ya soko, kwenye bomba la mtaa, mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa akikinga maji. Alimtazama mbwa, akasikitika kwa ulimi.

"Maskini wee. Kapatwa na nini?"

Mbwa aliona wamesimama, akajilaza ubavu usio na kidonda, kwenye unyevu wa saruji, akapumua.

"Mimi ndiye niliyemuunguza," Mama Pasi akasema.

Mwanamke akaduwaa na mkono kiunoni. Mama Pasi akaweka kapu chini, akaanza kumweleza tangu mwanzo, tangu suti. Ndoo ikajaa, maji yakaanza kumwagika pembeni, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kufunga bomba.