Moto wa Alhamisi

Jumatatu, tarehe tisa Septemba, saa tisa alasiri, Mikidadi alikuwa barazani akimalizia tenga la nne la nyanya. Alikuwa amelibana kwa magoti, anaupinda mwanzi wa mwisho, aliposikia hodi. Akajibu karibu bila kuinua uso, kama mtu yeyote anavyojibu. Alipoinua uso akaona ni moto.

Ulikuwa umesimama nje ya uzio, kimo cha mbwa aliyekaa, juu ya jiwe ili usiguse nyasi. Ulimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba. Moto ukasema hautaingia ndani, umepita tu kutoa taarifa: utashuka Alhamisi, saa kumi jioni, kwa mujibu wa kifungu cha sita. Ukamtakia mgonjwa nafuu, kisha ukaenda zako kwa jirani, ukiruka kutoka jiwe hadi jiwe.

Mgonjwa alikuwa Pili, dada yake mkubwa. Alipooza upande wa kulia miaka mitatu iliyopita kwao Mlali, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumtunza, Mikidadi alimpandisha huku juu Lukwamba kwa machela ya watu wanne, waliopumzika mara tisa njiani. Alikuwa mwanamke mnene na bado ni mnene. Hakuweza kusimama, hakuweza kukaa bila kuegemezwa, na maneno yalimtoka nusunusu. Masikio yake lakini yalikuwa mazima. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha la barazani, na taarifa ile aliisikia yote.

Lukwamba si kijiji cha watu wa kushangaashangaa. Zamani moto ulikuwa ukija kila kiangazi unavyotaka, mchana wa jua kali, upepo ukivuma, na umekula mashamba, mizinga, mbuzi na watu wawili. Mwaka juzi halmashauri ya kijiji ikatunga sheria ndogo za kudhibiti moto katika maeneo ya wazi, na mtendaji wa kijiji, Winfrida, akazibandika kwenye ubao wa ofisi ndani ya nailoni. Wiki ileile moto ulishuka mlimani, ukasimama mbele ya ubao, ukasoma kuanzia kichwa cha tangazo hadi muhuri. Nailoni ilijikunja kidogo kwenye kona moja. Tangu siku hiyo haujavunja kifungu hata kimoja. Haushuki kuunguza kabla ya saa kumi jioni. Unatoa taarifa kwa majirani siku tatu kabla, nyumba kwa nyumba. Hauvuki barabara ya moto, yaani ule ukanda wa mita sita unaozunguka makazi, unaolimwa kila mwaka mpaka ubaki udongo mtupu. Watu wa wilayani walikuja kupiga picha, na kusema kweli walipiga zaidi ubao kuliko moto.

Kwa hiyo Jumatatu ile, nyumba nyingine ziliipokea taarifa kwa utulivu, zikashukuru na kuendelea na shughuli. Shida ya Mikidadi ilikuwa kwenye orodha ya wanaolima barabara hiyo.

Barabara ya moto iligawanywa kwa koo, maana ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo unafuata kwa mama. Kila ukoo unalima kipande kinachopita kwenye ardhi yake. Mikidadi alikuja hapa miaka thelathini na nne iliyopita akiwa mume, kwenye ardhi ya kina Mwanvita, mkewe. Mwanvita alifariki. Watoto wawili aliowazaa walitangulia kabla hawajajua kutembea. Mikidadi akabaki, na hakuna aliyemwambia aondoke. Mtu wa hali yake huku analima mahindi, analima maharage, anajenga. Hapandi mti wa kudumu, na hachimbi mpaka. Mti na mpaka ni ushahidi, na hakuna anayetaka siku moja wapwa zake wa Mlali, watoto wa dada zake wengine, waje kwenye baraza la ardhi na ushahidi.

Hatua thelathini za barabara hiyo zinazopita nyuma ya nyumba yake hazikuandikiwa mtu. Ukoo wa marehemu ulisema hauwezi kumlimia anayekaa pale. Orodha ilisema walime wenye ardhi. Basi nyasi zikasimama, kavu, ndefu kumpita mtu. Miaka miwili ya mwanzo moto ulishukia ng'ambo ya mto, na Mikidadi akamshukuru Mungu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba amesahauliwa.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Abdulatif, kaka wa marehemu mkewe na mkubwa wa ukoo. Alimkuta anachambua maharage ya mbegu. Abdulatif si mtu mbaya. Ramadhani nzima uji wa Pili ulitoka jikoni kwake, na siku ya machela bega moja lilikuwa la mwanawe. Alimkaribisha shemeji yake mkeka, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilimieni kile kipande, shemeji," alisema Mikidadi. "Au niruhusuni nilime mwenyewe."

Abdulatif aliendelea kuchambua. "Tukikulimia, tumekiri kwamba kukulinda wewe na ndugu zako ni wajibu wetu. Leo ni dada, kesho ni wapwa. Na ukilima mwenyewe, umechimba mpaka kwenye ardhi ya mama zetu."

"Dada hawezi kukimbia."

"Najua," alisema Abdulatif. "Nimemwombea dua."

Jumanne Mikidadi alikwenda ofisini. Winfrida alimwamkia, akampa kiti, akamsikitikia kwa moyo wote. Alifungua faili na kumwonyesha orodha yenyewe, mistari kumi na minne, na mihuri. Orodha imeshapita wilayani. Marekebisho yanapokelewa kwenye mkutano mkuu wa Januari. Mikidadi akasema Januari ni mvua. Winfrida akakubali kwamba Januari ni mvua. Alimshauri amhamishe mgonjwa siku hiyo moja, akae kwa jirani, na Mikidadi akaona ni shauri jema.

Pili hakuliona jema. Alilia kwa ule upande mmoja wa uso unaolia. Alikuwa na vidonda mgongoni, kila kumgeuza ni kumtonesha, na zaidi ya maumivu aliona aibu ya kubebwa nyumba za watu kama gunia la viazi. Mikidadi akakaa pembeni ya kitanda muda mrefu. Aliogopa moto, aliogopa ukoo, na sasa akawa anaogopa machozi ya dada yake. Katika hofu hizo tatu alichagua aliyoiona ndogo. Jumatano, jua lilipochomoza, alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba.

Alilima siku nzima. Alifyeka nyasi, akang'oa mashina, akazibeba taka zote mpaka bondeni, akachambua udongo kwa vidole, kwa sababu kila kijiti alichokiacha alikiona kinawaka. Kila upepo ulipopita alisimama na kunusa. Watu waliopita njiani walimpa pole na kazi, wakaangalia pembeni. Hakuna aliyeshika jembe kumsaidia, kwa kuwa anayesaidia kuchimba mpaka ni shahidi wa mpaka. Alasiri Abdulatif alikuja, akasimama kwenye mwisho wa kipande cha ukoo wake, palipolimwa vizuri.

"Shemeji," alisema, "hapo unalima kama nani?"

Mikidadi aliendelea kulima. Hadi Magharibi alikuwa amefikisha mita sita kamili, akazipima kwa kamba mara mbili. Hapakuwa na jani. Aliingia ndani akamwambia Pili hatahamishwa, udongo mtupu ni udongo mtupu, na usiku huo Pili alilala. Yeye hakulala.

Alhamisi saa kumi kasoro robo kijiji kizima kilikuwa kimejipanga, kila ukoo kwenye kipande chake, na ndoo za maji na matawi mabichi, kama kifungu cha tisa kinavyotaka. Winfrida alikuwapo na faili kifuani. Saa kumi moto ulitokea juu kwenye mashamba mapya, upande unaolimwa na ukoo wa Abdulatif, ukashuka ngazi moja ya shamba baada ya nyingine ukila majani makavu na kuacha kabichi. Hakuna aliyeuliza umewashwa na nani. Ulikuwa mrefu sasa, mrefu kuliko nyumba, na unavuma. Ulifika kwenye barabara ya moto, ukageuka kushoto, ukaifuata taratibu, kipande kwa kipande, na kila ukoo ulipopitwa ulishusha ndoo zake.

Ulipofika nyuma ya nyumba ya Mikidadi, ukasimama. Joto lake lilimkausha midomo. Akashikilia mpini wa jembe.

"Hatua thelathini hizi nani amezilima?" moto uliuliza.

"Mimi," alisema Mikidadi.

"Jina lako halimo kwenye orodha, mzee."

"Ni mita sita. Pima."

"Ni mita sita," moto ulikubali. "Ila barabara ya moto ni ile iliyolimwa na mwenye ardhi." Ukainua sauti kidogo, ili wasikie walio mbali. "Mzee Abdulatif, ukoo wako ndio uliolima hapa?"

Neno moja lingetosha. Watu wote walimtazama Abdulatif, naye alitazama ndala zake. Ni mtu aliyeogopa uongo tangu utoto, na pia aliogopa wapwa wa Mlali, na siku hiyo hofu zote mbili zilimtaka aseme jambo lilelile.

"Ukoo haujalima hapo," alisema.

Moto ukashukuru, ukaingia kwenye udongo.

Hapakuwa na cha kula, kwa hiyo ulikwenda polepole sana, chini chini, rangi ya buluu, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Lakini ulikwenda. Mikidadi alitupa jembe akakimbilia ndani. Pili alikuwa ameshaona mwanga dirishani. "Usiniache," alimwambia, neno zima, bila kukatika. Alimshika kwapani akamvuta, akamwangusha, wakaanguka wote. Alimsikia akipiga kelele kwa maumivu ya vidonda na hakuacha kuvuta. Alilia kwa woga waziwazi, mwanamume wa miaka sitini na mmoja, akimwita mama yao aliyekufa zamani. Hapo mlangoni Winfrida akaingia, akaweka faili chini, akashika miguu. Walimtoa Pili akiwa na shuka moja, wakamlaza njiani chini ya mgomba, na moto ukawa umemaliza mita ya sita.

Ulikula matenga manne kwanza. Kisha ukapanda dari, na mabati yakaanza kulia. Ulipomaliza nyumba ulifika kwenye ua wa jirani, palipolimwa na ukoo wake, ukasimama, ukakaa chini na kusubiri mpaka ukazimika wenyewe, kwa kuwa kifungu cha kumi na moja kinakataza moto kuachwa bila uangalizi.

Winfrida aliandika taarifa kesho yake kwa mkono uliofungwa bandeji. Aliyewasha: hajulikani. Ukiukaji wa moto: hakuna. Ukiukaji mwingine: mkazi mmoja kulima kipande asichopangiwa. Mikidadi alisomewa akatia sahihi. Wilayani walisifu.

Kwa wema, ukoo haukumwangusha. Waliwahifadhi kwa miezi miwili, walileta unga, blanketi, sufuria. Abdulatif mwenyewe alipandisha mabati kichwani kutoka barabara kuu, siku mbili mfululizo, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alimwonyesha Mikidadi mahali pa kujenga, palepale, kama mwanzo, akamwambia ajisikie yuko kwake. Siku ya kuezeka alikaa pembeni peke yake, hakula. Januari mkutano mkuu ulifanyika, mvua ikinyesha, na suala la orodha likaahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia.

Septemba iliyofuata orodha ilibandikwa na mihuri mipya. Mikidadi aliisoma mara tatu, mistari kumi na minne. Nyuma ya nyumba yake nyasi zilikuwa zimeshafika kifuani, naye hakuzigusa.

Hodi ilikuja siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Safari hii hakujibu karibu. Alitoka akasimama mbali, mikono nyuma, akaitikia shikamoo ya moto, akasikiliza taarifa mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna nyumba zilizobaki. Moto ukasema hii ndiyo ya mwisho.

"Naomba mwakani uanze na mimi," alisema Mikidadi. "Asubuhi, kabla ya wengine. Huyu wa ndani kumtoa kunachukua muda."

Moto ulifikiri. Ulikuwa ukipitia vifungu kimoja kimoja, na majani ya karibu yakaanza kunyauka.

"Sheria haikatazi," ulisema.

Mikidadi akashukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli, kwa sababu katika maombi yake yote hilo lilikuwa la kwanza kukubaliwa. Akangoja mpaka moto ulipopotea kwenye mawe ya juu. Halafu akaingia ndani kumwambia dada yake kwamba ni Alhamisi tena.