Picha Aliyoipiga Elina Peke Yake

Elina alikuwa akimweka sawa mgonjwa wa goti kwenye mashine ya eksirei aliposikia makelele kwenye geti la kituo cha afya. Alichungulia dirishani akaona pikapu imejaa watu waliolowa damu. Huko kijijini Mungaa, ng'ombe wa ukoo mmoja walikuwa wameingia kwenye alizeti za ukoo mwingine. Walianza kwa matusi, wakaja kwenye fimbo, mwisho wakachomoa mishale na sime. Sasa majeruhi wa pande zote mbili waliletwa hapo, maana kituo kingine chenye eksirei kilikuwa mbali.

Elina alikuwa amemaliza chuo na kufaulu mtihani, lakini leseni yake ilikuwa bado haijatoka kwenye baraza la wataalamu wa mionzi. Bila leseni hakuruhusiwa kupiga picha peke yake. Ilikuwa lazima Mzee Chediel, mtaalamu wa mionzi wa kituo, awepo chumbani, na mzee huyo hakuwa mtu wa kulegeza jambo hilo. Akienda kula, alifunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Mgonjwa wa goti alitolewa nje, na wa kwanza kuingizwa alikuwa Idrissa, mfugaji. Mshale ulikuwa umemwingia kifuani, mti wake umekatika, chuma kimebaki ndani. Daktari alitaka kujua kimelala wapi.

"Mlaze polepole," Chediel alisema.

Hawajamaliza kumlaza, mlango ulipigwa teke. Aliingia Antipasi, mwenye shamba, rungu mkononi. Mdogo wake Alute alikuwa amekata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwake.

"Kaa pembeni, mzee. Namtaka huyo."

"Hapa ni mahali pa wagonjwa, baba. Toka nje."

Rungu lilimpata Chediel juu ya sikio. Alianguka kama gunia. Antipasi akalitupa rungu, akamrukia Idrissa mezani na kumkaba koo kwa mikono miwili. Macho ya Idrissa yalitoka, damu ikabubujika kifuani.

Elina aliivuta aproni ya risasi ukutani, ile nzito ya kuzuia mionzi, akamfunika nayo Antipasi kichwani na kumning'inia mgongoni. Kiwiko kilimpiga mdomoni. Alihisi jino likilegea. Aliteleza, akaanguka, mkono wake ukaliangukia rungu. Akainuka nalo. Pigo la kwanza lilimpata Antipasi kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ukalia. Antipasi aliachia koo, akapiga magoti akiushika mkono wake. Elina akapiga tena palepale. Akapiga tena.

"Elina!" Chediel aliita kutoka sakafuni. "Inatosha, mwanangu."

Walinzi walifika, wakamburuta Antipasi nje.

Chediel alijishikiza ukutani, akakaa kwenye kiti nyuma ya kizuizi cha mionzi. Damu ilimtiririka shingoni.

"Mzee, nianze na wewe. Kichwa chako..."

"Huyu anakufa. Mimi bado naongea. Nipo hapa, piga."

Elina alipiga. Chuma kilionekana kando ya pafu, hakikugusa moyo. Idrissa akapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Singida mjini, na baadaye alipona.

Elina aliporudi chumbani alimkuta Chediel ametapika. Jicho lake moja lilikuwa limepanuka mboni, na alimwita Elina kwa jina la mkewe. Alimlaza mezani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana wa kumsimamia. Msimamizi ndiye mgonjwa. Hakuwaza mara mbili. Alipiga picha ile peke yake, akaona ufa umepita fuvu lote.

Chediel alifia njiani, akikimbizwa Singida kwa pikapu ileile.

Jioni ileile polisi walimleta Antipasi, pingu mkono mmoja, mwingine umevimba hadi vidoleni.

"Dada, tupigie picha ya huyu," askari alisema.

"Sina leseni," Elina alijibu. "Sheria hainiruhusu kupiga peke yangu."

Ilikuwa kweli kabisa. Antipasi alimtazama, naye Elina akamtazama, mdomo wake bado una damu. Askari akaondoka na mtu wake.

Baraza lilimhoji kuhusu picha ya Chediel. Alieleza yote bila kuficha. Walimpa onyo, wakamcheleweshea leseni, kisha wakampa. Kuhusu picha aliyokataa kumpiga Antipasi hakuna aliyemuuliza, kwa sababu pale hakuwa amevunja sheria yoyote. Lakini hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku Elina alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya Chediel, mshtakiwa Antipasi aliambiwa ainue mkono ajitambulishe. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kuelekea nje, vidole viwili havinyooki. Elina aliinamisha kichwa. Zamu yake ilipofika, aliieleza mahakama kila kitu: rungu la Antipasi, na mapigo aliyopiga yeye mwenyewe, hata yale aliyopiga wakati Antipasi ameshaachia.