Saba kati ya Ishirini

Dirisha la kuahirisha mtihani lilikuwa lifungwe Jumatano, saa kumi kamili alasiri. Hadi Jumanne asubuhi Editha hakuwa ameamua, na hilo lilimkera, maana takwimu zote alikuwa nazo.

Alikuwa tabibu katika kituo kimoja cha afya Shelui, mwaka wa saba sasa. Kwa stashahada yake aliruhusiwa kuomba kusomea udaktari, na chuo alichokiomba, cha binafsi, kilikuwa na mtihani wake wa kujiunga: maswali mia moja, kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, Jumamosi, Singida Mjini. Alama ya kufaulu ilikuwa sitini. Aliyefeli hakuruhusiwa kurudi mpaka ipite miaka mitatu. Aliyeahirisha kabla ya dirisha kufungwa alipangiwa mtihani wa mwaka unaofuata, bila adhabu, ila mara moja tu.

Editha alikuwa amefanya majaribio sita ya kijitabu cha mazoezi kilichotolewa na chuo. Alipata 54, 53, 55, 54, 56 na 52. Hakuna hata moja lililofika sitini. Mtu mwingine angefunga mjadala hapo: ahirisha, soma mwaka mzima, rudi. Yeye mwenyewe angefanya hivyo tangu Jumapili, isipokuwa Sehemu C ilimzuia.

Sehemu C ilikuwa na maswali ishirini ya Ndiyo au Hapana. Katika majaribio yote sita alipata saba, sita, nane, saba, saba, saba. Jumapili alikaa na namba hizo mezani muda mrefu. Kisha akatoa shilingi mia kwenye mkoba, akauita upande mmoja Ndiyo na wa pili Hapana, akairusha mara ishirini, akasahihisha majibu yake kwa ufunguo wa majibu ya jaribio la kwanza. Shilingi ilipata kumi na moja. Akarudia kwa jaribio la pili. Ilipata tisa.

Shilingi haikusoma popote, na ilikuwa inamshinda.

Asiyejua chochote hupata kumi, au karibu na hapo. Ili mtu apate saba, na apate saba karibu kila mara, lazima kuna kitu anachokijua, na kitu hicho kinamvuta upande usio wenyewe. Kitu gani? Editha aliyapanga makosa kwa mada, akitarajia yarundikane mahali pamoja. Hayakurundikana. Damu, moyo, dawa, kemia, kila mada ilikuwa na sehemu yake, kama vile kuna mtu aliyeyagawa kwa haki.

Alirudi kwenye vitabu, swali kwa swali. Swali la tisa la jaribio la tatu lilihusu mtoto wa kilo kumi na mbili aliyepewa dozi fulani ya dawa ya homa. Je, dozi hiyo si salama? Editha alijibu Ndiyo. Ufunguo ulisema Hapana. Alifungua mwongozo wa dawa, akapiga hesabu upya. Dozi ilikuwa kubwa mno, mtoto angedhurika. Akaandika pembeni kwa penseli: kijitabu kimekosea? Kufikia jaribio la sita maneno hayo yalikuwa pembeni mwa kurasa nyingi kiasi kwamba aliacha kuyaamini. Kijitabu kinachokosea mara nyingi hivyo kisingepita mikononi mwa walimu wa chuo bila mtu kuona.

"Bibie, bado unamwaza yule mchumba?" aliuliza Mwanvua Jumanne asubuhi, akipanga mafaili ya kliniki ya presha. Mwanvua alikuwa muuguzi, mkubwa kwa Editha kwa miaka kumi, mtoto wa wenye duka wa Singida Mjini, na duka lilikuwa limemfundisha kutomwogopa mtu kwa maneno.

"Mchumba gani?"

"Mtihani. Mwanamume akikupa saba kwa ishirini miezi minne mfululizo, ungekuwa umeshamwacha."

"Shilingi imepata kumi na moja, dada Mwanvua."

"Basi ipeleke shilingi ikasomee udaktari, wewe ubaki na sisi. Ahirisha. Mwaka ni nini?"

"Siku mia tatu sitini na tano."

"Nimejitakia mwenyewe," alisema Mwanvua, akaenda mlangoni kumwita mgonjwa wa kwanza.

Alikuwa Mzee Nathanaeli, aliyewahi kuchimba dhahabu Sekenke mpaka mgongo ukamkatalia, na sasa analima alizeti. Aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Shikamoo, mzee," alisema Editha.

"Marahaba, daktari. Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Za nyumbani?"

"Wazima wote, isipokuwa mbwa."

Mwanvua alimfunga kipimo mkononi, akasoma: mia na sitini na nane kwa mia. Mwezi uliopita ilikuwa mia na thelathini na nane.

"Imepanda," alisema Editha. "Mzee, leo hukumeza dawa?"

"Ndiyo."

Editha aliandika kwenye faili, kwa Kiingereza kama mafaili yote yanavyoandikwa, kwamba mgonjwa hakumeza dawa leo.

"Na jana hukumeza?"

"Ndiyo, binti. Ziliniishia Ijumaa, na Jumamosi tulikuwa na msiba."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Editha alitazama alichoandika, kisha akamtazama mzee. Mzee alikuwa amesema Ndiyo mara mbili. Kwenye faili palikuwa na kukanusha mara moja, na kalamu ilikuwa njiani kukanusha mara ya pili.

"Samahani, mzee. Leo umemeza dawa?"

"Hapana."

"Hukumeza?"

"Ndiyo."

Mzee Nathanaeli alimgeukia Mwanvua. "Huyu ananipima presha au ananipima akili?"

"Mvumilie, mzee. Ana mtihani Jumamosi."

"Amwulize mwalimu wake basi. Mimi shule niliacha darasa la nne."

"Umejibu sawa yote mawili, mzee," alisema Editha. "Aliyekosa ni mimi."

Alimwandikia dawa za miezi miwili badala ya mmoja, akamweleza aje kabla hazijaisha, akamwomba airudie tarehe kwa sauti. Alimhudumia kila mgonjwa wa kliniki ile hadi wa mwisho, bila kuharakisha, ingawa Mwanvua aliona kwamba kila mara mtu alipojibu Ndiyo kwa swali la kukanusha, Editha alichora mstari mdogo kwenye karatasi iliyokuwa pembeni. Kufikia saa saba mistari ilikuwa kumi na tisa. Hakuna aliyejibu vinginevyo.

Wakati wa chakula alikifungua kijitabu kando ya sahani ya ugali na kueleza.

"Kwa Kiswahili nikikuuliza 'hukumeza?' na kweli hukumeza, unasema Ndiyo. Unayakubali maneno yangu. Kwa Kiingereza unasema Hapana. Huangalii maneno yangu, unaangalia dawa: haikumezwa, basi Hapana."

"Hayo tulifundishwa sekondari."

"Tulifundishwa, na tulipewa alama zetu. Kwenye faili sikosei kwa sababu naandika jambo lenyewe, mgonjwa hakumeza. Kwenye mtihani siandiki jambo. Nachagua neno. Nina sekunde chache, nasoma swali kwa Kiingereza, nalielewa, halafu nalijibu kama Mzee Nathanaeli."

Mwanvua alitafuna polepole. "Kwa hiyo yule mtoto wa kilo kumi na mbili..."

"Nilijua dozi itamdhuru. Nikasema Ndiyo, itamdhuru. Wao wakasoma: Ndiyo, ni salama."

Walihesabu pamoja. Katika maswali mia na ishirini ya Sehemu C, sabini na mawili yaliulizwa kwa kukanusha. Katika hayo Editha alikosa sitini na kupata kumi na mawili. Alikuwa na desturi ya kuweka nukta penye swali alilobahatisha, na katika yale kumi na mawili aliyopata, kumi yalikuwa na nukta. Yaani aliyapata kwa sababu hakuyajua. Namba hiyo ilimfurahisha kuliko zote, akaizungushia duara.

"Sasa geuza majibu," alisema Mwanvua. "Tuone."

Editha aligeuza. Kila jaribio lilipanda, kwa wastani, alama nane. Wastani wa majaribio yote sita, uliokuwa hamsini na nne, ukawa sitini na mbili.

"Umefaulu," alisema Mwanvua. "Hongera, dokta. Nguo ya mahafali nishone rangi gani?"

"Sijafaulu. Nimesahihisha majibu nikiwa nimeshajua kosa. Kwa namna hiyo hata shilingi inafaulu."

Kijitabu kilikuwa na jaribio la saba ambalo hakulifungua. Alikuwa analitunza kwa ajili ya Ijumaa. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alijiwekea kanuni moja: akikutana na swali la kukanusha, afunike kwa kidole neno la kukanusha, kisha ajibu swali lililobaki. Dozi hiyo ni salama? Hapana. Basi jibu ni Hapana, kidole kikiwepo au kisipokuwepo.

Alianza saa mbili asubuhi chumbani kwake, akamaliza saa tano kasoro dakika kumi. Hakusahihisha mwenyewe. Alilipeleka jaribio kituoni, akampa Mwanvua pamoja na ufunguo, akakaa kwenye benchi la nje la wagonjwa na kutazama malori yaliyosimama ng'ambo ya barabara kuu. Aliyahesabu mara mbili. Idadi yake haikuwa ushahidi wa chochote.

Mwanvua alitoka saa nane na robo, baada ya wodi kutulia.

"Sehemu C kumi na tano."

"Na jumla?"

"Sitini na moja."

Editha aliichukua karatasi. Katika maswali ya kukanusha alikuwa amekosa mawili tu, na yote mawili yalikuwa na nukta.

"Moja tu juu ya mstari," alisema Mwanvua akikaa kando yake. Utani ulikuwa umemtoka sautini. "Ukipiga chafya umefeli, mdogo wangu. Halafu miaka mitatu. Ukiahirisha, umeshajua ugonjwa, una mwaka mzima wa kusoma, unakwenda kupata sabini. Muda bado upo. Hebu fikiri."

"Nimefikiri. Tazama hapa."

Editha aliandika nyuma ya karatasi alama zake bila Sehemu C, jaribio kwa jaribio: 47, 47, 47, 47, 49, 45. Akaongeza ya leo: 46.

"Hizi ni Sehemu A na B. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miezi minne. Nimesoma kila alfajiri, sijakosa hata siku kumi. Nimeongeza nini?"

Mwanvua aliipitia safu ile mara mbili. "Hukuongeza kitu."

"Nimepunguza moja. Sasa niambie mwaka utaongeza nini, kama miezi minne haikuongeza kitu."

"Labda ubadilishe namna ya kusoma."

"Labda. Lakini hiyo labda sina namba yake. Niliyonayo ni kwamba nikisoma zaidi nabaki palepale, na palepale pamekuwa juu ya mstari."

"Juu kidogo."

"Juu kidogo. Naweza kufeli. Nikifeli itakuwa kwa yale nisiyoyajua, na hilo nitalikubali."

Lori moja liliwashwa, likarudi nyuma, likashika njia ya Nzega.

"Kama ni mimi ningeahirisha," alisema Mwanvua.

"Najua, dada."

"Jumamosi una zamu ya asubuhi."

"Ndiyo maana nimekuja na kalamu."

Waliingia ndani kwenye ubao wa zamu. Mwanvua alifuta jina la Editha penye Jumamosi kwa kidole gumba, akaandika lake. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano. Simu ya Editha ilikuwa mezani, ukurasa wa chuo ukiwa wazi, na kitufe cha kuahirisha kilikuwa bado cha bluu. Aliifunika kwa daftari ili isimpotezee muda.

"Dada Mwanvua, mwezi wa nane tulikuwa na wanafunzi wa mafunzo, wale wawili waliojaza fomu za kliniki ya presha kwa niaba yetu."

"Ehe."

"Fomu zile zina swali la Kiingereza lililoandikwa kwa kukanusha, kama mgonjwa hajaacha dawa. Kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana. Nataka kuona walitia alama wapi."

"Si una mtihani Jumamosi?"

"Ninao. Leo ni Jumatano."

Mwanvua alimtazama, akachukua ufunguo wa kabati la mafaili msumarini, akampa. Mwezi wa nane ulikuwa na mafaili mia na arobaini. Saa kumi ilipita Editha akiwa kwenye la thelathini na mbili.