Upinde wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa vitanda, na vitanda vyangu havipigi kelele. Ulizeni mtaa mzima. Lakini kwa mama mkwe mimi si fundi wa vitanda hata kidogo. Kwake mimi ni yule wa stuli, basi.

Stuli yenyewe ni ya miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya kwanza alipokuja kwetu baada ya harusi. Nilikuwa nimeimaliza asubuhi ile ile mbio mbio, miguu nimeichomeka bila gundi, nikajisemea nitatia kesho. Mama mkwe akakaa. Hakukaa sana. Mguu mmoja ulikwenda kushoto, mwingine kulia, na yeye, mwalimu wa michezo aliyeogopwa na shule nzima, akajikuta chini na chai yote kifuani. Mke wangu akaangua kicheko. Aliyetazamwa vibaya ni mimi.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakai nyumbani kwangu. Anakuja, anasalimia, anakula, anakunywa chai, anasikiliza umbea wa ukoo mzima, yote hayo amesimama.

"Kaa basi, Mama."

"Niko sawa, fundi."

Saa tatu nzima mtu yuko sawa! Nimetengeneza kochi, nimetengeneza benchi la kukalia watu sita. Anavitazama miguuni, halafu anasogea dirishani. Jamani, inauma. Mgeni akipita anaona mkwe wangu kasimama kama mlinzi wa benki, atafikiri mimi ni mtu gani? Ndipo nikala kiapo kwamba hakuna kiungo kitakachotoka tena kwenye karakana yangu kikavu. Hata fremu ya picha naitia gundi.

Mwezi uliopita mke wangu akanifuata karakana.

"Upinde wa mama umevunjika. Mlango wa basi umeubana."

Hapo nieleze kidogo. Mama mkwe tangu astaafu anapiga mishale, tena ana shabaha ya kutisha. Mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, walimu wastaafu walikuwa na mashindano mji wa pili, mwendo wa saa mbili. Pikapu ya kusambazia vitanda ninayo, lakini mama mkwe haipandi, maana bodi yake ya mbao nimeiunga mimi. Kwa hiyo ni basi, na upinde mrefu kuliko yeye, na ugomvi na kondakta kila safari.

"Anataka wa vipande vitatu," mke wangu akasema. "Anaufungua, anautia kwenye mfuko, akifika anaufunga. Nimemwambia utamtengenezea."

"Akasemaje?"

"Akasema, haya, upinde haukaliwi."

Maneno hayo yalinikata maini. Nikayameza, nikachukua msumeno.

Mshiko wa katikati niliuchonga kwa mbao ngumu iliyobaki kwenye kitanda cha daktari. Mikono miwili, ule wa juu na wa chini, niliipanga kwa vibao vyembamba vitatu vitatu vyenye gundi katikati, nikavibana juu ya kalibu iliyopinda. Jiriwa zangu zote za kubania ziliisha kabla sijafika nusu. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikafungia. Baiskeli ilikuwa ya mke wangu.

"Ulikuwa na pancha," nikajitetea.

"Pancha moja! Sasa una pancha kutoka mwanzo hadi mwisho!"

Ikaja kazi ya kusawazisha mikono. Karakana yangu ni ya mabati, haina ukuta wa maana, nikautundika upinde sebuleni, nikachora mistari ya penseli ukutani, nikawa navuta uzi taratibu nione kama mikono inapinda sawa. Ule wa chini ulikuwa mkaidi, haupindi ila kwa shingo upande. Nauparura kwa kipande cha kioo, navuta, natazama, naparura tena. Ukuta huo ulikuwa umepakwa rangi wiki iliyotangulia. Mke wangu hakusema nami siku mbili.

Lakini ilipopinda sawa, mstari kwa mstari, wallahi machozi yalinilengalenga. Kila mkono ulikaa kwenye mshiko kwa bolti moja nene: spana moja, dakika moja, vipande vitatu. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Alhamisi jioni mke wangu akaja kuniambia mama anafika kesho, na mimi kwa furaha nikaufunga upinde kwa mara ya mwisho kama ninavyofunga kila kitu changu, nikaufuta kwa kitambaa, nikaenda kuoga huku naimba.

Ijumaa mama mkwe akaja na mfuko aliojishonea mwenyewe, wenye vyumba vitatu. Akaupokea upinde. Akaugeuza, akaunusa, akatoka nao uani, nilikosimamisha gunia la maranda. Mshale wa kwanza, pa! Wa pili ukakaa ubavuni mwa wa kwanza. Wa tatu hapo hapo.

"Mh," akasema. Miaka kumi na miwili sijawahi kupewa hiyo "mh".

Tukarudi sebuleni. Akafungua mfuko, akasimama mahali pake dirishani.

"Haya fundi, ufungue."

Nikatoa bolti ya kwanza. Nikatoa ya pili. Nikavuta mkono wa juu. Nikavuta tena. Nikauweka upinde magotini, nikagonga kwa nyundo ya mpira. Upinde ukanitazama tu.

Mke wangu aliinama, akauchungulia ule muungano, akaziba mdomo kwa mkono huku anacheka.

"Umetia gundi?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye kitu cha kufunguliwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Una wazimu?"

Basi na mimi hapo nikalipuka. "Ni ile stuli, Mama! Tangu ile stuli natia gundi kila kitu! Mkono wangu unatia wenyewe! Miaka kumi na miwili unasimama nyumbani kwangu, unaniaibisha mtaa mzima, ningefanyaje? Ningeweza ningeutia gundi hata mlango!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe aliutazama upinde, akanitazama mimi, akautazama tena upinde. Mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikamtoka, kile kile cha mke wangu, hadi akashika ukuta penye mistari yangu ya penseli.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwashe hiyo pikapu," akasema huku anajifuta macho. "Upinde huu hauingii basi lolote. Bodi nayo umeitia gundi?"

"Imelowa gundi, Mama."

Akasogea kwenye kiti cha mikono kilicho karibu na meza. Akakitikisa mara moja, mara ya pili.

"Na hiki?"

"Hicho ndicho nilichokimwagia kopo zima."

Akageuka, akashika mikono ya kiti, akajishusha polepole. Akakaa. Kiti hakikutoa hata mlio. Mke wangu akaacha kucheka. Mimi nilibaki nimesimama na spana mkononi.

"Chai iko wapi?" mama mkwe akauliza, halafu akaniangalia. "Na wewe mwanangu, mbona umesimama? Kaa."